Wote Wanakubali, Jumamosi Hawaji

Miaka yote niliyokaa Ngamiani, hapa Tanga, sijakutana na mtu anayesema kuchangia damu ni jambo baya. Uliza kijiweni, uliza sokoni, uliza msikitini au kanisani, jibu ni lilelile: damu ni uhai, ni sadaka, leo kwake kesho kwako. Sasa waite watu haohao Jumamosi saa tatu asubuhi kwenye darasa la shule ya msingi, vitanda vimetandikwa na timu ya damu salama inasubiri. Hapo ndipo utakapoona umbali uliopo kati ya mtazamo wa mtu na tendo lake. Naandika haya kwa ajili ya wale wanaoombwa na mtaa, shule au jumuiya zao waandae zoezi kama hilo, maana wengi huanzia pale tulipoanzia sisi: kuwashawishi watu waamini kitu ambacho tayari wanakiamini.

Mimi niliingizwa kwenye kazi hii na wifi yangu. Alijifungua salama, mtoto akalia, tukaanza kupigiana simu za hongera, kisha damu ikawa haikatiki. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ndiyo sababu inayoongoza kwa vifo vya wazazi duniani, na pale wodini nilielewa kwa nini. Mtu unayezungumza naye anaanza kukujibu nusunusu, midomo inapauka, na wauguzi wanaacha kutembea, wanakimbia. Akawekewa chupa iliyokuwepo ya kundi lake. Tukaambiwa zitahitajika nyingine, ndugu waje wachangie.

Kaka yangu akaandika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Pole na dua zikamiminika, na wengi wakaandika "nipo tayari, niambieni tu." Wakaambiwa. Waliofika kweli walikuwa mjomba, binti wa jirani ambaye si ndugu yetu kabisa, na kijana wa bodaboda aliyekuwa amemleta shangazi hospitali, akasikia habari ile akiwa anasubiri nauli yake. Wifi alipona, na mwanawe sasa anakimbia uani. Lakini lile swali la wale wasiofika halikunitoka. Mambo yalipotulia nilizunguka kwao mmoja mmoja, bila lawama, nikawauliza ilikuwaje.

Mmoja alikuwa na kundi tofauti na la wifi, akaona hana haja ya kuja. Hakujua kwamba benki ya damu hupokea kundi lolote: damu yako inaingia kwenye akiba, mgonjwa wako anapewa inayomfaa. Mwingine alifika hadi getini, mlinzi akamwambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha, akageuza. Hakuwa ameambiwa jengo wala jina la mtu wa kumuulizia. Binamu yangu alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema hakutaka kupimwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na roho mbaya, na hakuna ambaye hotuba kuhusu thamani ya damu ingemsaidia kitu.

Baadaye, nilipokuwa nikitafuta maelezo ya nilichokiona, nilimkuta mwanasaikolojia Icek Ajzen wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Nadharia yake, aliyoieleza kwa kina mwaka 1991, inasema nia ya mtu kutenda jambo husukumwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni anavyolitazama tendo lenyewe. Cha pili ni anavyodhani watu anaowajali wanamtarajia afanye nini. Cha tatu ni kama anajiona ana uwezo wa kulitenda. Kabla ya hapo, mwaka 1977, yeye na Martin Fishbein walikuwa wameshaonyesha kwamba mtazamo wa jumla hautabiri vizuri tendo mahususi. Mtu anaweza kupenda uchangiaji damu kwa moyo wote na wakati huohuo akawa na mtazamo mbaya kabisa kuhusu kulala yeye, kesho asubuhi, na sindano ile mkononi mwake. Hizo ni hoja mbili tofauti kichwani mwake, na sisi wahamasishaji huwa tunazungumzia ile ya kwanza tu.

Mwenyekiti wa mtaa aliposikia habari za wifi alituita watu wachache akatuomba tuandae siku ya kuchangia damu. Zoezi la kwanza lilifanyika kama yanavyofanyika mazoezi mengi. Gari la matangazo, spika, hema na matarumbeta vilimeza zaidi ya shilingi 300,000 za michango. Jioni ya uhamasishaji uwanja ulijaa. Mgeni aliyealikwa alionyesha picha ukutani: mama anayevuja damu, mtoto mwenye seli mundu, majeruhi wa ajali. Nilisimama pembeni, nikawaona watu wazima wakifuta machozi kwa ncha za kanga. Majina yakaandikwa, kurasa kwa kurasa. Siku yenyewe ilipofika vitanda vilikuwa vitupu hadi adhuhuri, na waliokuja wengi walikuwa watu ambao wangekuja hata pasingekuwa na tarumbeta.

Jambo hili lilishapimwa zamani. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa Chuo Kikuu cha Yale kuhusu chanjo ya pepopunda. Wengine walisomeshwa maelezo ya kutisha yenye picha za wagonjwa, wengine maelezo mepesi. Waliotishwa walibadilika kweli: waliiona chanjo kuwa muhimu zaidi na wakasema wanakusudia kuchanjwa. Lakini hofu peke yake haikuwapeleka zahanati. Kilichowapeleka ni kikaratasi chenye ramani ya chuo iliyozungushiwa alama pale ilipo zahanati, pamoja na ombi la kuangalia ratiba ya wiki na kupanga saa ya kwenda. Kati ya waliopewa mpango huo walichanjwa kama 28 katika kila 100. Bila mpango, kama 3. Na wale walikuwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, zahanati ya chuo walikuwa wakiijua.

Basi zoezi la pili tuliacha tarumbeta. Fedha tuliyookoa ilikwenda kwenye maji ya kunywa, chai nzito, mihogo na maandazi, na nauli ya wazee waliojitolea kuja kukaa na wachangiaji. Badala ya jukwaa tulikwenda kwa watu, tukawauliza swali dogo: "Jumamosi asubuhi huwa uko wapi?" Swali hilo liwekeni kichwani kama mna mpango wa kazi hii. Ukimuuliza mtu kama anaunga mkono, atakujibu ndiyo na mazungumzo yamekwisha. Ukimuuliza Jumamosi yuko wapi, anaanza kukuambia maisha yake, na kizuizi kinatoka chenyewe. Kuli wa bandarini alisema hulipwa kwa siku, akitoa damu asubuhi hawezi kubeba mzigo mchana. Ni kweli, na si wa kubishiwa: baada ya kuchangia mtu anashauriwa asifanye kazi nzito siku ile. Kwa hiyo makuli tukawapangia Jumapili, siku wasiyo na meli. Mama wa genge alisema hawezi kufunga genge, binti yake akajitolea kumshikia kwa saa moja. Dereva wa daladala alitaka kujua kama itachukua muda gani. Tulimwambia kulala kitandani ni kama dakika 10, lakini usajili, ushauri, vipimo na mapumziko vinafikisha karibu saa nzima. Ukimdanganya mtu kwamba ni dakika tano, utampata mara moja tu.

Ipo pia hesabu ya mwili, na hii mhamasishaji aijue kabla ya kutoka nyumbani. Mchangiaji awe na umri kati ya miaka 18 na 65, uzito usiopungua kilo 50, na wingi wa damu wa kutosha. Chupa moja ni mililita 450. Sehemu ya majimaji hurudi ndani ya siku moja au mbili, seli nyekundu huchukua wiki kadhaa, ndiyo maana mwanaume husubiri miezi mitatu na mwanamke miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha hawachangii. Haya ukiyasema mapema unamwondolea mtu aibu ya kupanga foleni kisha kurudishwa mbele ya jirani zake.

Sasa nije kwenye hofu, maana hapa ndipo wahamasishaji wengi hukasirika na kuharibu kazi. Pwani hii wazee wetu walikua na habari za mumiani. Wakati wa mkoloni, kuanzia Nairobi hadi Dar es Salaam na Kampala, watu walisimuliana kwamba wazimamoto, na wakati mwingine polisi, huwakamata watu usiku na kuwanyonya damu ikatengenezwe dawa ya Wazungu. Wanahistoria wamekusanya masimulizi hayo kwa uzito, kwa sababu yanaonyesha watu walivyouhisi utawala ambao uliwachukua nguvu kazi, kodi na ardhi bila kuwaeleza. Mtu aliyelelewa na habari hizo akiona gari jeupe la serikali likipakia damu, kumwita mjinga ni kumkosea adabu. Ana sababu ya kuuliza.

Tulikaa barazani kwa mzee mmoja, mvuvi mstaafu wa mtaa wa Deep Sea hapa Tanga, mtu ambaye neno lake lina uzito mtaani. Tulikwenda na fundi sanifu wa maabara. Mzee alitupokea vizuri, kahawa ikaletwa, halafu akasema wazi: "Wanangu, sina ugomvi na nyinyi. Ila hiyo damu mnachukua bure, hospitali inauzwa. Mtoto wa dada yangu alidaiwa hela."

Nilimwona yule fundi akivuta pumzi. Nilitegemea akane. Akasema: "Babu, sitakubishia. Damu haiuzwi, huo ndio utaratibu. Lakini wapo watu wamewahi kudaiwa, na waliodai walifanya makosa. Mkidaiwa tena, msilipe mkononi. Ulizeni risiti, na nendeni kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, mkaseme nani kadai." Kisha akatoa mfuko mtupu wa kukusanyia damu, akaupitisha kwa waliokaa barazani waushike. Plastiki laini, mpira mrefu mwembamba, na ndani maji kidogo ambayo alieleza ni dawa ya kuzuia damu isigande. Akaonyesha mahali pa kubandika namba, kwa sababu mfuko hausafiri na jina la mtu. Akataja vipimo vinavyofanywa kabla damu haijapewa mgonjwa yeyote: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende. Akasema damu nzima kwenye mfuko kama ule hukaa siku 35 kwenye jokofu kisha haifai tena, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hukaa siku 5 tu, ndiyo maana kuchangia mara moja kwa mwaka Juni 14, siku ya wachangia damu duniani, hakutoshi. Mzee aliugeuzageuza ule mfuko mkononi, akauliza: "Na ukimaliza siku zake?" Akajibiwa kwamba huteketezwa, na kwamba hiyo nayo hutokea, na inauma. Nadhani jibu hilo ndilo lililomgeuza.

Namna ile ya kukubali upande wa pili wa hoja ina nguvu kuliko inavyoonekana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Carl Hovland na wenzake walifanya majaribio kwa askari wa Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 1949. Askari walisikilizishwa kipindi cha redio kinachosema vita dhidi ya Japani vitachukua muda mrefu. Kundi moja lilipewa hoja za upande mmoja tu, jingine likapewa na hoja za upande wa pili. Kwa waliokuwa wakikubaliana na ujumbe tangu mwanzo, upande mmoja ulitosha. Kwa waliokuwa na msimamo tofauti, kilichowasogeza ni kusikia hoja zao zikitajwa kwa haki. Mtaani kwetu wenye mashaka ndio tunaowahitaji, kwa hiyo msemaji asiyeweza kusema "hapo mna haki" ni bora abaki nyumbani.

Mzee mwenyewe umri ulikuwa umempita, hakuweza kuchangia. Lakini Jumamosi alikuja na kiti chake akakaa mlangoni, na wajukuu zake wawili wakaingia ndani. Kile kitu cha pili cha Ajzen, watu ninaowajali wananitarajia nini, kilikuwa kimekaa pale mlangoni na kofia yake ya kiua.

Kwa kina mama njia ilikuwa kikoba. Wanakutana kila wiki, sanduku la kufuli tatu katikati ya mkeka, wananunua hisa, wanakopeshana, wanatoa mfuko wa jamii. Nami ni mwanachama. Tuliomba nafasi baada ya hesabu kufungwa, na hatukutoa hotuba. Muuguzi alieleza kwa ufupi kisha akanyamaza, akawaacha wazungumze wenyewe. Yakatoka mambo ambayo jukwaani yasingetoka kamwe: mume atasemaje, hedhi nayo inapunguza damu itakuwaje, fulani alizimia, mimi naogopa sindano tangu shule. Mama mmoja akamjibu mwenzake kuhusu kuzimia kwamba yeye alishachangia, akasikia kizunguzungu, akalazwa miguu juu, akanywa soda, akaenda kupika. Mwisho mwenyekiti wa kikoba akauliza nani atakwenda, na mikono ikanyooshwa, wote wakiona. Hapohapo wakapangana nani atampitia nani na nani atabaki na watoto.

Mwanasaikolojia Kurt Lewin aliliona jambo hili Marekani miaka ya vita, nyama ilipokuwa adimu na serikali ikitaka kina mama wa nyumbani wapike moyo, figo na nyama nyingine za ndani ambazo wengi hawakuzipenda. Waliopewa mhadhara mzuri wenye hoja za lishe na uzalendo, 3 katika kila 100 ndio waliopika baadaye. Waliokaa kwenye vikundi wakajadiliana na kuamua kwa kunyoosha mikono, walifika 32. Muda ulikuwa uleule na hoja zilizotolewa zilifanana. Tofauti ni kwamba kundi la pili liliamua lenyewe, mbele ya watu wake. Asilimia zetu sikuzipiga, lakini Jumamosi ile foleni ya wanawake ilikuwa ndefu kuliko ya wanaume, na wahudumu walilisema hilo.

Kwa vijana wa bodaboda mambo yalikwenda tofauti, na naomba hapa msomaji atulie kidogo. Kiongozi mmoja wa kijiwe, kwa nia njema kabisa, alianza kuwasukuma kwa aibu: mwanaume gani anaogopa sindano, asiyekwenda ajulikane. Ilifanya kazi. Walikuja wengi. Lakini mshauri nasaha aliyekuwa akiwahoji faragha alinifuata wakati wa mapumziko, uso umemkaza. Akaniambia vijana wale hawajibu maswali, wanasema tu "hapana, hapana" hadi mwisho wa dodoso ili wapite. Dodoso linauliza kama umeugua karibuni, kama unatumia dawa, kama una wapenzi zaidi ya mmoja. Damu yote hupimwa, ndiyo, lakini mtu aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita kipimo kinaweza kisione kitu. Ukweli wa mchangiaji ndio kinga ya kwanza ya mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linasisitiza damu itolewe kwa hiari na bila malipo kwa sababu hiyo: aliyelazimishwa au kulipwa ana sababu ya kuficha.

Hili lilinibadilishia maana nzima ya neno ushawishi. Zipo mbinu zinazoleta watu wengi na damu mbaya. Aibu ni mojawapo, fedha ni nyingine. Ukimshawishi mtu kwa namna inayomfanya ashindwe kusema hapana, umemwondolea pia uwezo wa kusema kweli, na anayelipia ni mama aliyelala wodini kama alivyolala wifi yangu. Kiongozi yule tulimweleza, akaelewa, na ni yeye mwenyewe aliyerudi kijiweni kusema kwamba kila mtu ana haki ya kubaki.

Tukaweka utaratibu ambao nauomba kila mwandaaji auchukue kama ulivyo. Kabla ya zoezi kuanza, mtu anayeaminika anasimama na kutangaza kwamba wengi watarudishwa leo, na sababu ni nyingi: uzito, presha, wingi wa damu mdogo, malaria ya karibuni, dawa za kutibu jino, kutolala vizuri, chale au tatuu ya karibuni, kunyonyesha. Sababu ya mtu kurudishwa inabaki kati yake na mshauri. Anayerudishwa anapewa chai na andazi lilelile, anakaa benchi lilelile, anatoka kwa mlango uleule. Bila hivyo, mtaa una tafsiri moja tu ya aliyerudishwa, nanyi mnaijua. Binamu yangu alikuja baada ya kuusikia utaratibu huu. Alipimwa. Yaliyozungumzwa humo ndani ni yake, mimi nimeridhika kwamba aliingia.

Kulikuwa na mfanyabiashara aliyetaka kutusaidia kwa kumpa kila mchangiaji shilingi 10,000. Tulimshukuru, tukamwomba atununulie maji, glukosi na feni ya darasani, akakubali. Sababu ya usalama nimeshaieleza, lakini ipo na ya pili. Mwaka 1959 Leon Festinger na James Carlsmith walichapisha jaribio lao la Stanford. Wanafunzi walifanyishwa kazi ya kuchosha, kugeuza vigingi kwa muda mrefu, kisha wakaombwa kumwambia mwenzao anayefuata kwamba kazi ilikuwa ya kufurahisha. Wengine walilipwa dola 1, wengine dola 20. Baadaye waliolipwa dola 1 ndio waliosema kweli waliifurahia. Mwenye dola 20 alikuwa na sababu ya nje ya alichokisema, hakuhitaji kubadili chochote ndani yake. Mwenye dola 1 alibaki na tendo lake tu, mtazamo wake ukalifuata tendo.

Hiyo ndiyo njia ya pili ya mtazamo na tendo, na wahamasishaji huisahau. Sisi hudhani mtu huamini kwanza kisha atende. Kijana wa bodaboda aliyemchangia wifi yangu hakuwa na maoni yoyote kuhusu damu salama kabla ya siku ile, alikuwa anasubiri nauli. Leo kadi yake ya mchangiaji iko kwenye pochi pamoja na leseni, na nimemsikia mara nyingi kijiweni akiwaeleza wenzake kuhusu homa ya ini kwa usahihi kuliko mimi. Kama angepewa noti ya elfu kumi siku ile, nadhani angekumbuka noti.

Lililobaki gumu ni mara ya pili. Akiba hushuka hasa shule zinapofungwa, kwa sababu wanafunzi wa sekondari ni sehemu kubwa ya wachangiaji wetu, na hushuka tena Ramadhani, wakati watu wengi wamefunga. Huku Tanga tumejifunza kuweka zoezi moja kabla ya mwezi mtukufu na jingine la usiku, baada ya futari na tarawehe, kwa kuwa mtu aliyeshinda na njaa na kiu hafai kutolewa damu. Wachangiaji wa kwanza wengi hawarudi wenyewe hata kama walifurahi, na sababu ni ileile ya mwanzo: wanakubali, lakini hawana Jumamosi. Kwa hiyo tarehe ya kurudi tunaiandika kabla mtu hajanyanyuka kwenye kiti cha chai, tunamuuliza siku hiyo atatokea wapi na atakuja na nani, na kazi ya kumkumbusha anapewa yule aliyekuja naye.

Ujumbe hutumwa Alhamisi. Hatuandiki tena "changia damu, okoa maisha," hilo kila mtu analijua. Huu ndio tunaotuma, na unaweza kuuchukua ukabadilisha majina: "Dada, miezi minne yako imetimia. Jumamosi saa tatu, shule ya msingi, darasa la kwanza mkono wa kulia ukiingia getini. Kunywa chai nzito na maji mengi kabla. Nakupitia saa mbili na nusu. Kama huwezi, niambie siku nyingine unayoweza."